Yohana Alitoka Gerezani?

Tulikuwa tumeketi uani kwa mwenyekiti wa jumuiya, viti vya plastiki vimepangwa duara chini ya mwarobaini, na katekista alikuwa ametuletea kazi anayotuletea kila mwaka kabla Majilio, kipindi cha Dominika nne cha kuingojea Noeli, hayajaanza: kupitia mapema Injili za Dominika zote nne, ili siku zenyewe zikifika zisitukute wageni. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Tulipofika ya tatu, kijana mmoja akasoma habari za Yohana Mbatizaji, ambaye akiwa kifungoni aliwatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Akasoma hadi mwisho, akafunga kitabu. Katekista akauliza, kama ilivyo desturi, ni neno gani limemgusa kila mmoja wetu.

Mama mmoja, jirani yangu, hakutaja neno. Aliuliza.

"Katekista, na huyu Yohana alitoka?"

Kila aliyekuwa uani pale alijua jibu, na kila mmoja alijua kwa nini ameuliza. Mwanawe wa kiume yuko mahabusu. Kila baada ya wiki mbili hufikishwa mahakamani, inaelezwa kwamba upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa, na mama anarudi nyumbani na ile khanga aliyoivaa asubuhi kwa matumaini. Katekista alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Hapana, Mama. Alikatwa kichwa." Mama akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetajiwa bei ambayo alikwisha kuisikia duka la kwanza. Tukaendelea na Dominika ya nne.

Swali hilo limenikalia moyoni tangu siku ile, na sasa Noeli imekaribia. Ninaandika kwa sababu sioni njia ya kuifikia sikukuu bila kulipitia.

Rangi ya waridi

Wengi wenu mnaijua Dominika ya Tatu ya Majilio. Zambarau inawekwa kando na padre anavaa rangi ya waridi, ambayo kwa mwaka mzima ina nafasi yake siku mbili tu, siku hiyo na Dominika ya Nne ya Kwaresima. Antifona ya mwanzo, yaani wimbo mfupi wa kuifungulia Misa, inatuamuru tufurahi: "Furahini katika Bwana sikuzote; tena nasema, Furahini." Na katika Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, siku hiyohiyo ya amri ya kufurahi, Injili inayosomwa ni ya mtu aliyefungwa, ambaye ameanza kulitilia shaka jambo alilolitolea maisha yake yote.

Mwanzoni niliona mpangilio huo ni mgumu kuutetea. Nilijiuliza ni nani aliyeona vema kuziweka habari za gereza katikati ya furaha, tena mbele ya watu ambao baadhi yao wana mtoto gerezani, mgonjwa wodini, au kaburi ambalo udongo wake bado haujashikana. Kwa nini tusisomewe habari za malaika na wachungaji mapema, nikawaza, ili waliochoka wapumzike japo kwa wiki mbili?

Huko nje, kwa kweli, hakuna anayesubiri. Desemba ikiingia tu, nyimbo za Noeli zinapigwa madukani, mabasi ya mikoani yanajaa, mafundi cherehani wanakataa kazi mpya. Sina ugomvi na hayo, nguo za watoto wangu nazo ziko kwa fundi. Lakini nimekuwa nikikumbuka kwamba kipindi hiki kilianza kwa njaa. Katika karne ya 5, huko Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, Askofu Perpetuus wa Tours aliagiza waamini wafunge siku tatu kila wiki tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Watu waliifikia sikukuu matumbo yakiwa matupu. Sidhani kama kilikusudiwa kuwa kipindi cha walioshiba wanaosubiri kushiba zaidi, na kwa sababu hiyo nadhani jirani yangu ana haki nacho kuliko wengi wetu.

Kilichonigeuza kwanza ni barua. Nilifungua Waraka kwa Wafilipi kuitafuta ile "Furahini" mahali inapotoka, nikaamua kuusoma wote tangu mwanzo, maana ni sura nne tu. Katika sura ya kwanza Paulo anataja vifungo vyake, tena na tena. Wataalamu wanabishana kama alifungwa Roma, Efeso au Kaisaria, lakini kwamba alikuwa mfungwa hawabishani. Tena hakuwa mfungwa anayeijua tarehe yake ya kutoka, kwa kuwa katika sura hiyohiyo anapima kama ataishi au atakufa, na anakiri kwamba hata la kuchagua halitambui. Amri ya kufurahi tunayoiimba siku ya waridi iliandikwa na mtu aliyekuwa mahabusu.

Hukumu yake ilikuwa bado.

Ngomeni

Injili hazitaji jina la gereza la Yohana. Anayelitaja ni mwanahistoria Myahudi, Flavius Josephus, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 1: anasema Herode Antipa alimpeleka Yohana katika ngome ya Machaerus na kumwua huko. Magofu yake yapo hadi leo, kileleni mwa kilima upande wa mashariki wa Bahari ya Chumvi, katika nchi ya Yordani. Herode Mkuu, baba yake Antipa, alikuwa ameijenga upya iwe ngome na jumba la kifalme kwa pamoja, kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ile karamu ya siku ya kuzaliwa ya Antipa, ambayo katikati yake Yohana alikatwa kichwa, na chumba cha mfungwa vilikuwa ndani ya ukuta mmoja, na kwamba harufu ya nyama ilimfikia.

Huyu ni mtu aliyezoea kuishi jangwani. Alikula nzige na asali ya mwitu, hakuogopa kumwambia mtawala usoni kwamba si halali kuwa na mke wa ndugu yake. Alikuwa amewahubiria watu habari za shoka lililokwisha kuwekwa penye mashina ya miti, na za yule ajaye, ambaye pepeto li mkononi mwake, na makapi atayateketeza kwa moto usiozimika. Kisha yule ajaye akaja, na shoka halikukata. Herode yuko mezani, Yohana yuko kifungoni, na habari zinazomfikia ni za Bwana anayekula na watoza ushuru.

Utotoni nilifundishwa kwamba Yohana hakuwa na shaka hata kidogo, kwamba aliwatuma wanafunzi wake kwa faida yao wenyewe, ili wajionee. Ni maelezo ya kale, na wapo mababa wakubwa wa Kanisa walioyashika kwa kumheshimu nabii. Sina elimu ya kuyapinga. Lakini tangu jioni ile sijaweza tena kuyaegemea, kwa sababu nikiyashika, Yohana anahama kutoka mahabusu na kuwa mwalimu anayetoa zoezi, na jirani yangu anabaki peke yake na swali lake. Ninapomsoma Yohana kama mtu aliyeuliza kwa kuwa alihitaji kujua, naona jambo ambalo sikuwa nimelitazama: swali lake alilipeleka kwa Yesu mwenyewe. Hakunyamaza nalo hadi likawa uchungu. Hakuwaambia wanafunzi wake waende kumtafuta mwingine. Alimwuliza yuleyule aliyekuwa anamtilia shaka kama ndiye.

Nimeanza kuamini kwamba hapo tumaini lilikuwa bado hai, ingawa halikuwa na sura tunayoitarajia.

Jambo ambalo jibu halikulitaja

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua kuliko yote, na ambalo bado sijamalizana nalo.

Yesu anawaambia wale wajumbe wakamweleze Yohana wanayoyasikia na kuyaona: vipofu wanapata kuona, viwete wanakwenda, wenye ukoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, na maskini wanahubiriwa habari njema. Maneno hayo yanatoka kwa nabii Isaya, sehemu kubwa sura ya 35, ambayo ndiyo somo la kwanza la siku hiyo, na sehemu nyingine sura ya 61. Yohana aliyajua. Alikuwa mtoto wa kuhani na sauti ya mtu aliaye nyikani, na bila shaka Isaya alikuwa kichwani mwake. Basi alijua pia kwamba ile sura ya 61, mstari wa kwanza kabisa, panapotajwa habari njema kwa wanyenyekevu, inataja na wafungwa kufunguliwa kwao. Yesu mwenyewe alikuwa ameusoma mstari huo katika sinagogi la Nazareti, kama Luka anavyoeleza, na hakuliruka neno la wafungwa.

Katika jibu kwa Yohana neno hilo halimo.

Kisha inafuata heri: "Naye heri awaye yote asiyechukizwa nami." Zile sifa kubwa, kwamba katika wazao wa wanawake hajainuka aliye mkuu kuliko Yohana, Mathayo anatuambia zilianza kutamkwa wajumbe walipokwenda zao. Huenda hazikumfikia kamwe. Kilichomfikia ni orodha ya watu wengine waliofunguliwa vifungo vyao, na ombi la kutokata tamaa na aliyewafungua.

Nimejaribu kulipindua jibu hili kila upande ili liwe tamu, sikuweza. Nilichokipata ni kitu kimoja, nacho kimenisaidia: Yohana hakudanganywa. Jirani yangu, kwa mfano, alikwisha kuahidiwa. Mtu mmoja wa maombi, ambaye simtaji, alimwambia mwaka huu kijana wake atakula Noeli nyumbani, na akamtaka alete sadaka ya kumfungulia. Alileta. Desemba yote mijini mwetu imejaa ahadi za namna hiyo, mikesha ya kuvunja minyororo na kuvuka mwaka, na wanaozibeba ahadi hizo mgongoni ni watu waliochoka kama yeye. Yule ambaye angeweza kumwambia Yohana neno lolote na akaaminiwa hakumwahidi mlango utafunguliwa. Alimwambia ukweli wa mambo yaliyokuwa yakitendeka, akamwachia heshima ya kuamua.

Mimi naona katika ukimya ule upendo mkubwa kuliko katika ahadi zile. Najua si kila msomaji atakubaliana nami, na sijui kama ningeandika hivi laiti mtoto angekuwa wangu.

Waliokwenda na kurudi

Kuna watu katika habari hii ambao huwa hawahubiriwi: wale wanafunzi waliotumwa. Walikwenda gerezani kumwona mwalimu wao, wakalibeba swali lake hadi Galilaya, wakalibeba jibu na kurudi nalo. Yohana akishauawa, ni wao wanaoonekana tena katika sura ya 14 ya Mathayo, wakija kuuchukua mwili na kuuzika, kisha wakaenda kumpasha Yesu habari. Na Yesu aliposikia, akaondoka kwa chombo, akaenda mahali pasipokuwa na watu. Ikiwa Yohana alikuwa na tumaini lolote mle ngomeni, lilimfikia kwa miguu ya watu hao.

Nilimwuliza jirani yangu kama ningeweza kumsindikiza siku ya kumwona kijana. Alikubali, na ameniruhusu kuyasimulia haya mradi nisitaje majina. Tulibeba sabuni, dawa ya meno, kandambili na kilo moja ya sukari. Vitu vikakaguliwa kimoja kimoja, sukari ikamiminwa kwenye beseni na kurudishwa mfukoni. Mazungumzo ni ya dakika chache, watu wengi wanaongea kwa wakati mmoja, na inabidi upaze sauti hata kwa maneno ambayo ungetamani kuyasema kwa siri. Kijana alinisalimu, "Shikamoo," akamgeukia mama yake.

"Mama, kwetu mvua imeshanyesha? Mmepanda?"

Mama akamwambia wamepanda uwele, mtama bado. Kijana akasema wasiweke mtama shamba la bondeni kama mwaka jana, maji yataizoa mbegu, waweke juu karibu na mbuyu. Akauliza habari za jembe la kuazima, akauliza kama yule mbuzi amezaa. Muda ukaisha.

Nilitoka pale nikiwa nimeguswa sana, na nilikuwa tayari kumwambia mama neno kuhusu imani ya mwanawe, kwamba mtu asiyeijua tarehe yake ya kutoka anapanga shamba. Tulipokuwa kwenye daladala yeye ndiye aliyeanza. "Anajua sitaki kumwona akilia," alisema. "Ndiyo maana anauliza mvua."

Basi sikusema lile neno. Huenda yote mawili ni kweli, na huenda mtu anayejikaza kwa ajili ya mama yake na mtu anayetumaini ni mtu yuleyule, lakini yeye ndiye anayemjua.

Tarehe 20 Desemba, katika Masifu ya Jioni, Kanisa huimba antifona inayomwita Kristo Ufunguo wa Daudi, na kumwomba aje amtoe mfungwa katika nyumba ya kifungo, yeye aketiye gizani na katika uvuli wa mauti. Ni mojawapo ya antifona saba zinazoimbwa kuanzia tarehe 17 hadi 23, na zimekuwa zikiimbwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Neno lisilokuwamo katika jibu la Yohana limo katika sala yetu. Sijui la kufanya na jambo hilo isipokuwa kuisali antifona yenyewe, na mwaka huu nimemwomba jirani yangu tuisali pamoja nyumbani kwake. Alisema sawa, ila tuisali baada ya taarabu ya jirani wa upande wa pili kuzimwa.

Mvua ya kwanza na ya mwisho

Masomo ya Dominika ile hayaishii gerezani. Somo la pili ni la Yakobo, linalotutaka tumtazame mkulima anayengoja mazao ya nchi yaliyo ya thamani, akivumilia hata yatakapopata mvua ya kwanza na ya mwisho. Nimelisikia somo hili miaka mingi, na nadhani sisi wa Dodoma tunalisikia kwa sikio letu wenyewe. Nyimbo nyingi za kipindi hiki zilitungwa na watu wa kaskazini ya dunia, ambao Desemba yao ni giza: tarehe 21, wanapoomba katika antifona ya siku hiyo nuru ya Mawio, yaani Kristo, iwaangazie, mchana wao ni mfupi kuliko siku zote za mwaka. Huku kwetu, kusini mwa Ikweta, siku hiyo mchana ni mrefu kuliko siku zote. Jua hatulikosi. Tunachokingoja ni maji.

Mkoa wetu una msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua ya mwaka mzima haifiki mbali zaidi ya milimita 600, nayo haigawanyiki vizuri. Kwa hiyo Majilio yetu yanaangukia wakati wa kupanda, na wakati wa kupanda ndio wakati ambao ghala limepungua. Mama yangu alikuwa na chungu cha uwele wa mbegu ambacho hakikuguswa hata miezi tuliyokuwa tunakula mlenda na ugali mdogo wa kugawana. Tulikijua kilipo, tulikuwa na njaa, na hakikuguswa. Isaya anaposema kwamba nyika na mahali palipo ukame patafurahi, na jangwa litachanua maua kama waridi, mimi nakiona kile chungu kwanza, maua baadaye.

Kuna jambo Yakobo hakulitaja, pengine kwa kuwa wasomaji wake walilijua. Mvua ya kwanza mara nyingi hudanganya. Inanyesha vizuri, mbegu inaota, watu wanashukuru, kisha jua linawaka mfululizo na miche yote inanyauka. Ndivyo ilivyotokea mwaka huu kijijini kwetu, Kongwa, na kijiji cha jirani yangu kimepakana na chetu. Kaka yangu alinipigia simu juzi jioni kunieleza. Nilimuuliza sasa mnafanyaje, na aliona swali lenyewe halina maana.

"Tunarudishia," alisema. "Mvua ya juzi imelowesha vizuri. Tatizo ni mbegu, ile ya akiba imekwisha."

Nimemtumia fedha asubuhi hii, ya uwele na ya mtama. Nimemwomba pia apite kwenye shamba la jirani yangu, kwa kuwa mwenye nguvu za kulirudishia hayupo, na nimemweleza kwamba mtama uwekwe juu, karibu na mbuyu. Amesema atakwenda Jumatatu akimaliza letu, ila mkewe naye aongezewe ya nauli ya kuifuata mbegu mjini.